Vietnam: ni lini vita vya uhuru viligeuka vita vya ukomunisti?

*"Nafundisha Historia sekondari. Kila tukifika Vietnam darasa linagawanyika. Kundi moja linasema Ho Chi Minh alikuwa mpigania uhuru kama hawa wetu, ila Marekani ilimsukuma kwa Wakomunisti ilipokataa kujibu barua zake. Kundi la pili linasema alikuwa wakala wa Moscow tangu mwanzo, na uhuru lilikuwa koti tu. Kitabu chetu kinaanza na askari wa Marekani kuingia mwaka 1965, kisha kinarukia 1975. Naomba unieleze: vita vya kumfukuza Mfaransa viliishiaje kuwa vita vya ukomunisti? Nani alivigeuza, na kulikuwa na nafasi ya kuvizuia?"*

Mwalimu, hongera kwa kuwa na darasa linalobisha. Swali hili limewashinda watu wenye vyeo vikubwa. Wapo mawaziri walioishi Washington na Paris waliolijibu vibaya, na gharama ikalipwa na watoto wa wengine. Makundi yako mawili kila moja limeshika kipande cha kweli. Kosa lao ni moja: wote wanapekua moyo wa Ho Chi Minh, wakidhani wakishajua humo mna nini watakuwa wamejua vita viligeukaje. Moyo wa mtu haununui mizinga. Ukitaka kuona vita vikigeuka, uliza mwaka kwa mwaka: nani analipa, bunduki zinapita mpaka upi, na shamba liko mikononi mwa nani.

Tuanze na Ho mwenyewe hata hivyo, kwa sababu hapo ndipo kundi la kwanza linapojikwaa. Aliondoka Saigon mwaka 1911 akiwa msaidizi wa jikoni kwenye meli ya Kifaransa. Mwaka 1919, mataifa yaliyoshinda Vita Kuu ya Kwanza yalipokutana Versailles, yeye na Wavietnam wenzake wa Paris waliwasilisha madai manane kwa jina la Nguyen Ai Quoc. Uhuru haukuwamo. Waliomba wafungwa wa kisiasa waachiwe, sheria iwe moja kwa Mfaransa na kwa mwenyeji, magazeti yawe huru, na nchi yao iwe na wawakilishi katika bunge la Ufaransa. Hakuna dai lililokubaliwa. Desemba 1920, katika mkutano mkuu wa Wasoshalisti mjini Tours, alipiga kura pamoja na waliojitenga wakaunda Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa. Mwaka 1923 alikwenda Moscow, mwishoni mwa 1924 akatumwa Guangzhou kusini mwa China, na Februari 1930 akaunganisha vikundi vya Kikomunisti vya Wavietnam kuwa chama kimoja, kule Hong Kong.

Kwa hiyo alipomwandikia Rais Truman kati ya mwishoni mwa 1945 na Februari 1946, alikuwa Mkomunisti kwa miaka 25. Barua zile kweli hazikujibiwa. Lakini usiwaache wanafunzi waandike kwamba ukimya wa Truman ndio uliomfanya Mkomunisti. Mtahini makini atakata maksi hapo, tena kwa haki.

Kundi la pili nalo lisishangilie. Ho alikwenda kwa Lenin kwa sababu ya makoloni. Vyama vingi vya Ulaya wakati ule viliweka habari ya makoloni kwenye "mengineyo", mwisho wa ajenda. Lenin aliiweka juu. Na huko Moscow hawakumwona mtoto mpendwa. Kuanzia 1934 hadi 1938 alikaa huko bila kazi ya maana, akitiliwa shaka kwamba anatanguliza taifa mbele ya tabaka. Hata baada ya kutangaza uhuru mwaka 1945, Stalin alikaa zaidi ya miaka minne bila kuitambua serikali yake. Wakala gani huyo ambaye bwana wake hataki hata kumtaja?

Swali ambalo darasa lako halijauliza ni hili: kwa nini Wakomunisti ndio waliokamata uongozi wa kudai uhuru, wakati wazalendo wengine walikuwepo, tena wengi? Jibu liko katika jinsi koloni lilivyotawaliwa. Ufaransa ilianza kuivamia Vietnam mwaka 1858, na kufikia 1887 ilikuwa imeiunganisha na Cambodia kuwa Indochina, kisha Laos ikaongezwa mwaka 1893. Hazina ya koloni ilitegemea sana ukiritimba wa chumvi, pombe na kasumba. Mkulima hakuruhusiwa kujipikia pombe yake ya mchele, na chumvi aliyoichota mwenyewe baharini aliuziwa tena kwa bei ya serikali. Chama cha wananchi wa kawaida kilichoomba mageuzi kwa upole hakikupewa nafasi ya kukua. Chama cha wazalendo kilichojulikana kama VNQDD, ambacho hakikuwa cha Kikomunisti, kilijaribu kuasi kwenye kambi ya Yen Bai Februari 1930. Maasi yalizimwa upesi, na Juni mwaka huohuo kiongozi wao, Nguyen Thai Hoc, alikatwa kichwa kwa gilotini pamoja na wenzake 12.

Wakomunisti nao walipigwa vibaya, hasa mikoa ya Nghe An na Ha Tinh mwaka 1930 na 1931. Tofauti ni kwamba walikuwa na vitu ambavyo wengine hawakuwa navyo: seli ndogondogo ambazo moja ikikamatwa haiitoboi nyingine, mahali pa kukimbilia nje ya nchi, na nidhamu ya kugeuza jela kuwa shule. Serikali ya mrengo wa kushoto ilipoingia Paris mwaka 1936, wengi wakaachiwa, wakarudi wakiwa wamesoma. Mfaransa, kwa kuwafyeka wazalendo wa kati, alibakiza mezani washindani wawili tu: yeye mwenyewe na Wakomunisti. Hilo liandike ubaoni kwa herufi kubwa. Vita vya uhuru vilikuwa na uongozi wa Kikomunisti tangu mapema, lakini havikuwa bado vita *kuhusu* ukomunisti.

Mwaka 1940 Japani iliingia, ikawaacha Wafaransa waendelee kutawala chini ya kivuli chake. Mei 1941, karibu na mpaka wa China, chama kikaunda umoja wa ukombozi, Viet Minh. Katika umoja huo suala la kunyang'anya makabaila ardhi liliwekwa kando, ili tajiri mzalendo, padri, mwalimu na mkulima wote waweze kuingia. Kisha ikaja njaa ya 1944 hadi 1945 upande wa kaskazini. Mchele ulichukuliwa kwa nguvu, mashamba mengine yakalazimishwa kulimwa mazao ya nyuzi, mabomu yakakata reli na meli zilizoleta chakula kutoka kusini, na hali ya hewa ikamalizia. Waliokufa hukadiriwa kuanzia laki kadhaa hadi milioni 2. Viet Minh waliongoza watu kuvunja maghala. Hapo ndipo walipopata watu, kuliko kwenye hotuba yoyote kuhusu Karl Marx.

Machi 9, 1945 Wajapani waliwapindua Wafaransa, na Agosti wakasalimu amri wao wenyewe. Nchi ikabaki haina mwenyewe kwa wiki chache. Viet Minh wakaingia Hanoi, mfalme Bao Dai akajiuzulu, na Septemba 2 Ho akasoma tangazo la uhuru lililoanza kwa maneno ya Marekani ya mwaka 1776, kwamba watu wote wameumbwa sawa. Kiangazi hichohicho timu ndogo ya majasusi wa Marekani ilikuwa imewafundisha baadhi ya wapiganaji wake kutumia silaha.

Mambo mawili yalitokea katika miezi iliyofuata, na vitabu vingi hutaja moja tu. La kwanza ni kurudi kwa Mfaransa. Washindi wa vita waliigawa Vietnam kwenye latitudo ya 16 kwa ajili ya kupokea silaha za Wajapani: China ya Chiang Kai-shek kaskazini, Uingereza kusini. Jenerali Gracey wa Uingereza aliwapa silaha Wafaransa waliokuwa wametoka kufungwa na Wajapani, nao Septemba 23 wakayateka majengo ya serikali Saigon. La pili ni kwamba Viet Minh nao waliwamaliza wapinzani wao wa Kivietnam. Ta Thu Thau, Mkomunisti wa mrengo wa Trotsky, yaani wale waliompinga Stalin, aliuawa. Bui Quang Chieu, mwanasiasa wa mageuzi wa kusini, aliuawa. Ngo Dinh Khoi, aliyekuwa mkuu wa mkoa, aliuawa pia. Mkumbuke huyo wa mwisho. Mdogo wake aliitwa Ngo Dinh Diem.

Kipindi cha 1946 kina mazungumzo mengi, nayapitia haraka. Machi 6 Ufaransa iliitambua Vietnam kuwa "dola huru" ndani ya Umoja wa Ufaransa, na Ho akakubali askari 15,000 wa Kifaransa warudi kaskazini ili Wachina waondoke. Juni, mkuu wa Ufaransa kule Saigon, Admirali d'Argenlieu, akajitangazia jamhuri ya kusini bila kungoja Paris. Mazungumzo ya Fontainebleau yakavunjika. Novemba ugomvi wa ushuru wa forodha bandarini Haiphong uliisha kwa manowari na mizinga ya Kifaransa kuupiga mji. Idadi ya vifo 6,000 hutajwa sana, ingawa inabishaniwa. Desemba 19 vita vikawaka Hanoi.

Sasa tulia hapa, Mwalimu, kwa sababu tangu Desemba 1946 hadi mwisho wa 1949 vilikuwa vita vya kikoloni, basi. Hakuna dola hata moja iliyoitambua serikali ya Ho. Silaha zake zilikuwa za kuteka, za Wajapani walioacha, na nyingine za kutengenezwa kwenye karakana za msituni. Chama cha Kikomunisti kilikuwa kimejitangaza kuwa kimevunjwa tangu Novemba 1945. Kilikuwepo chini kwa chini, lakini hakikutaka kuonekana. Upande wa pili, Ufaransa ilikuwa inajaza jeshi lake na watu wa makoloni, kwa kuwa vijana wa Kifaransa wa jeshi la lazima hawakupelekwa Indochina. Waliokwenda ni askari wa kulipwa, Jeshi la Kigeni (kikosi cha Ufaransa cha watu wa mataifa mengine), na Waafrika kutoka Morocco, Algeria na Afrika Magharibi. Baadhi ya Waalgeria walirudi kwao na somo, na vita vyao wenyewe vikaanza Novemba 1, 1954.

Tatizo la Ufaransa lilikuwa fedha. Marekani haikuwa tayari kugharamia vita vya kumrudishia mtu koloni. Paris ikatafuta lebo nyingine ya kubandika kwenye vita vilevile: ikamrudisha Bao Dai, na Machi 8, 1949 ikasaini naye mkataba wa "Dola ya Vietnam" iliyo huru kwa jina, huku jeshi na mambo ya nje yakibaki mikononi mwa Ufaransa. Kwa lebo hiyo Ufaransa ikawa inaitetea serikali ya Kivietnam isiyo ya Kikomunisti dhidi ya Wakomunisti, na hilo Washington ingeweza kulilipia.

Lebo ingebaki karatasi tu kama Mao, kiongozi wa Wakomunisti wa China, asingemshinda Chiang Kai-shek. Jeshi lake lilifika mpaka wa Vietnam Desemba 1949. Halafu tazama tarehe tatu. Januari 18, 1950, China inaitambua serikali ya Ho. Januari 30, Umoja wa Kisovieti unafuata. Februari 7, Marekani na Uingereza zinamtambua Bao Dai. Siku 20. Ukiniuliza vita viligeuka lini, nitakuonyesha hizo siku 20.

Kila mmoja alikuwa na hesabu zake. Mao hakutaka jeshi la adui mpakani kwake, na pia alitaka kuonekana ndugu mkubwa wa mapinduzi ya Asia. Stalin alimwachia mzigo huo. Truman alikuwa na Ulaya kichwani: bila Ufaransa, NATO iliyoundwa Aprili 1949 haina miguu, na Ufaransa ilikuwa inavuja damu na fedha Indochina. Alikuwa pia na wapinzani nyumbani wakimpigia kelele kwamba ndiye aliyeipoteza China. Waziri wake wa Mambo ya Nje, Dean Acheson, tangu Mei 1949 alikuwa amewaandikia wanadiplomasia wake kwamba kuuliza kama Ho ni mzalendo zaidi au Mkomunisti zaidi hakuna maana, kwa sababu katika makoloni kila mfuasi wa Stalin ni mzalendo. Swali la darasa lako, Mwalimu, Washington ililifuta ubaoni mwaka huo.

Kuna kosa moja linalojirudia katika majibu ya mtihani: kwamba Vita vya Korea ndivyo vilivyoiingiza Marekani Vietnam. Korea ilianza Juni 25, 1950. Acheson alitangaza msaada kwa Indochina Mei 8, zaidi ya wiki sita kabla, na fungu la kwanza lilikuwa dola milioni 10. Korea iliongeza kasi tu. Kufikia 1954 Marekani ilikuwa inalipa karibu asilimia 80 ya gharama za vita.

Fedha hizo zilikuwa na uoza wake. Piasta ya Indochina ilibadilishwa rasmi kwa faranga 17, wakati sokoni thamani yake ilikuwa kama nusu. Mwenye kibali cha kuhamisha fedha aliweza kununua piasta kwa bei ya mtaani Asia, akazibadilisha Paris kwa bei ya serikali, akapata faida mara mbili bila kuuza hata kiberiti. Kiwango kilishushwa hadi faranga 10 mwezi Mei 1953 tu, baada ya kashfa kubwa. Kwa hiyo wapo waliokuwa na sababu nono ya kutaka vita viendelee.

Kwa Viet Minh, msaada wa China ulibadilisha vita ndani ya miezi. Vikosi vilivyofunzwa kule China vilizifyeka ngome za Kifaransa za mpakani, upande wa Cao Bang, majira ya vuli ya 1950. Ila mgeni hakuja na bunduki tu. Alikuja na washauri, na washauri walikuja na mafunzo ya kusafisha chama. Februari 1951 chama kilitoka hadharani kwa jina la Chama cha Wafanyakazi. Mwaka 1953 likafuata suala lililowekwa kando tangu 1941: ardhi.

Hapa ndipo vita vilipogeuka kutoka ndani, na ndipo vitabu vyetu vinaponyamaza. Bi Nguyen Thi Nam wa Thai Nguyen alikuwa mfanyabiashara na mwenye mashamba. Aliwachangia Viet Minh dhahabu, aliwahifadhi viongozi wao, na watoto wake wa kiume walikuwa katika jeshi la mapinduzi. Kampeni ya ardhi ilipoanza, alishtakiwa mbele ya umati kuwa kabaila, akauawa mwaka 1953. Mzalendo huyo alipigwa risasi na upande wake mwenyewe kwa sababu ya tabaka lake. Kampeni iliendelea hadi 1956, na mwaka huo uongozi wa Hanoi wenyewe ukakiri makosa makubwa na katibu mkuu wa chama, Truong Chinh, akaondolewa kwenye kiti. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo.

Lakini usifundishe upande huo peke yake. Mkulima asiye na shamba, aliyepunguziwa kodi ya ardhi au kupewa robo ekari yake, alipata sababu ya kubeba mchele milimani. Zaidi ya wapagazi 200,000 walihudumia vita vya Dien Bien Phu, kambi ya Wafaransa iliyozungukwa na vilima kaskazini-magharibi. Baiskeli zao ziliondolewa kiti, fimbo ya mianzi ikafungwa kwenye usukani ili kuuongoza kwa mbali, nyingine ikasimamishwa nyuma ya kusukumia, matairi yakakazwa kwa vitambaa na vipande vya mpira, na baiskeli moja ikabeba kilo 200 au zaidi. Aliyewaona wasukuma ndizi wa Kagera na Burundi hahitaji picha. Majemadari wa Ufaransa walikuwa wamepiga hesabu kwamba mizinga mikubwa haiwezi kufika kwenye vilima vile. Ilifika, ikavutwa kwa kamba. Na mingi ya milimita 105 ilikuwa ya kiwanda cha Marekani, China iliiteka kwa Chiang Kai-shek ikampa Jenerali Giap, mkuu wa jeshi la Viet Minh. Kambi ilianguka Mei 7, 1954. Mwezi mmoja kabla, Aprili 7, Rais Eisenhower alikuwa amewaambia waandishi wa habari kuhusu dhumna zinazoangushana: ikianguka moja, zote za Asia ya Kusini-Mashariki zitafuata.

Jambo jingine la kusahihisha darasani ni ule mstari wa latitudo ya 17 uliochorwa kwenye mkutano wa amani wa Geneva Julai 1954. Haukuwa mpaka wa nchi mbili. Tamko la Geneva lilisema wazi kuwa ni mstari wa muda wa kutenganisha majeshi, na uchaguzi wa nchi nzima ufanyike Julai 1956. Ujumbe wa Viet Minh ulitaka mstari uwe kusini zaidi, karibu na latitudo ya 13, kwa sababu walishika eneo kubwa. Waliowabana wakubali 17 ni China na Umoja wa Kisovieti, waliohofia Marekani kuingia vitani. Mwambie hilo mwanafunzi wa kundi la pili: mwaka ule maslahi ya Moscow na Beijing yalimkata Ho nusu ya nchi.

Kusini akaingia madarakani Diem, ndugu wa yule aliyeuawa 1945. Naye alikuwa mzalendo. Mwaka 1933 alijiuzulu uwaziri kwa sababu Wafaransa walikataa mageuzi. Alikuwa pia Mkatoliki aliyewachukia Wakomunisti kwa sababu unazozijua sasa. Watu kati ya laki 8 na milioni 1, wengi wao Wakatoliki, walihama kutoka kaskazini wakawa tegemeo lake. Katika kura ya maoni ya Oktoba 1955, ya kuchagua kati yake na Bao Dai, alitangaza kupata asilimia 98; Saigon peke yake ilitoa kura zaidi ya 600,000 ilhali waliojiandikisha walikuwa kama 450,000. Uchaguzi wa 1956 aliukataa, na Marekani haikumsukuma. Wafuasi wa zamani wa Viet Minh wakasakwa, wakiwamo wengi waliopigana na Mfaransa tu na hawakuwahi kushika kadi ya chama. Makabaila wakarudi mashambani kudai kodi, na sheria ya ardhi ya Oktoba 1956 ikamruhusu mmoja kubaki na hekta 100, karibu ekari 250. Sheria namba 10 ya 1959 ikaleta mahakama za kijeshi za kuzunguka zenye adhabu ya kifo.

Hanoi ilisitasita kwa miaka mingi. Wanachama wa kusini ndio waliolalamika kwamba wanakwisha. Januari 1959 uongozi ukakubali watumie silaha, Mei kikaundwa kikosi cha kufungua njia za kupitisha watu na silaha kwenda kusini, na Desemba 20, 1960 ikazaliwa Harakati ya Ukombozi wa Kusini, NLF. Washauri wa Marekani hawakufika 1,000 mwaka 1960. Mwishoni mwa 1963, Diem akiwa ameshauawa na majenerali wake, walizidi 16,000. Machi 1965 wanamaji wa Marekani walipotua Da Nang, pale kitabu chako kinapoanzia, vita hivi vilikuwa na umri wa karibu miaka 20.

Vingezuilika? Nitakupa ninavyopima mimi. Nafasi nzuri kuliko zote ilikuwa 1946. Kama Paris ingeheshimu makubaliano ya Machi, vita na Ufaransa vingeweza kuepukika. Serikali ya Kikomunisti isingeepukika, maana wapinzani walikuwa wameshamalizwa. Lakini ingekuwa serikali isiyo na deni kwa Mao. Mwaka 1950 wapo waliotumaini Ho awe Tito wa Asia, kama yule Mkomunisti wa Yugoslavia aliyejitenga na Stalin. Mimi naona kulikuwa kumechelewa: mwenye vita haachi bunduki anazopewa kwa ajili ya urafiki asioahidiwa. Mwaka 1956, uchaguzi ungempa Ho ushindi, ingawa kaskazini nako kusingekuwa na kura huru. Na tahadhari: Eisenhower aliandika baadaye kwamba pengine asilimia 80 wangempigia Ho, lakini alizungumzia wakati wa mapigano na mshindani akiwa Bao Dai. Watu hulihamishia neno hilo kwa Diem na 1956. Si sahihi.

Ukitaka kulijaribu darasani, mpe kila mwanafunzi mwaka mmoja: 1930, 1941, 1946, 1950, 1953, 1956, 1960. Aandike mistari mitatu tu: nani anawalipa wapiganaji wa kila upande, silaha zinapita wapi, mkulima ameahidiwa nini. Wapange vikaratasi ukutani kwa mfuatano. Kisha walete Tanganyika, Kenya na Msumbiji kwenye jedwali hilohilo. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa na TANU haikuhitaji bunduki. Mau Mau hawakuwa na nchi jirani ya kuwapa silaha. FRELIMO walikuwa na Dar es Salaam nyuma yao na silaha kutoka China na Ulaya Mashariki, na chama kikajitangaza cha Kimaksi-Kilenini Februari 1977, baada ya uhuru. Neno "kama hawa wetu" litaanza kugawanyika lenyewe. Atakayeuliza kuhusu dhumna za Eisenhower, mpe Februari 1979: China ya Kikomunisti ikiivamia Vietnam ya Kikomunisti, ambayo ilikuwa imetoka kuivamia Cambodia ya Kikomunisti.

Kwa masomo ya sekondari, hayo yanatosha. Ila kama kuna mwanafunzi anayetaka kuandika utafiti kuhusu idadi ya waliouawa kwenye kampeni ya ardhi, au kuhusu nani ndani ya chama cha Hanoi aliamua vita vya 1959, usimwache na intaneti peke yake, na wala usimtegemee mtu wa ubalozi au mkimbizi mmoja. Hao watakupa upande wao kwa moyo mweupe. Nyaraka ziko kwa Kivietnam, Kifaransa na Kichina. Mpeleke idara ya historia ya chuo kikuu kilicho karibu nanyi, aonane ana kwa ana na mhadhiri wa historia ya Vita Baridi au ya Asia, na aende na mwaka wake mkononi, kwa sababu anayeijua vizuri Vietnam ya 1945 na anayeijua ya 1968 mara nyingi si mtu mmoja.